Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko: Historia Fupi ya Vizsla

Mwaka juzi nilikwenda Minnesota, Marekani, kumtembelea dada yangu. Usiku wa kwanza nilishtuka saa nane. Kitu cha moto kilikuwa kimejibana mgongoni mwangu, chini ya blanketi. Niliruka, nikawasha taa. Kumbe ni Karanga, mbwa wao. Rangi yake ni ile ya ganda jembamba la karanga zilizokaangwa, ndiyo maana wapwa zangu walimpa jina hilo. Aliniangalia mara moja, akashusha pumzi kama mzee aliyechoka, akaendelea kulala.

Mimi nimekulia Morogoro. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi. Alilala nje, akala makombo ya ugali na dagaa, na akithubutu kuingia sebuleni alikutana na ufagio. Basi asubuhi nikamuuliza dada, "Huyu mnamwacha alale ndani kweli?"

Akacheka. "Kaka, huyu nikimlaza nje baridi ya hapa itamuua. Halafu hata kungekuwa na joto, asingekubali."

Jibu lile liliniingia kichwani nikaanza kusoma. Karanga ni Vizsla, mbwa wa kuwinda kutoka Hungaria. Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo haraka haraka anaweza kusoma "vizia". Ni sadfa tu, maana lugha hizi mbili hazijuani, lakini ni sadfa inayosaidia, kwa sababu kuvizia ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Kuna mbwa wa kukimbiza windo na kuna mbwa wa kuonyesha windo. Vizsla ni wa kuonyesha. Anatangulia mbele ya mwindaji, anakata nyasi kushoto na kulia huku pua iko hewani. Akipata harufu ya ndege aliyejificha, haruki wala habweki. Anaganda. Mkia unanyooka, mguu mmoja wa mbele unainuka, pua inaelekea kichakani. Hapo amemaliza kusema: yupo hapa. Kabla bunduki hazijaenea, mwindaji wa Ulaya aliyekuwa na mbwa wa namna hii alikuja na wavu akawafunika ndege, au akamrusha kipanga aliyefunzwa. Bunduki zilipokuja, wavu uliachwa, lakini mbwa akabaki na kazi yake ileile. Ndege akianguka, mbwa anakwenda kumwokota na kumleta mkononi bila kumtafuna.

Sasa fikiria kazi hiyo inataka mbwa wa aina gani. Inataka mwenye pumzi, kwa sababu mtu akitembea kilomita moja shambani, mbwa anayekwenda kushoto na kulia mbele yake amekimbia mara kadhaa ya hiyo. Inataka pia mbwa asiyepotelea mbali. Vizsla alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu alifanya kazi karibu na mtu, akigeuka kila mara kumtazama usoni. Wamarekani wamempa jina la utani la Velcro, ule utepe wa viatu vya watoto unaonata. Sisi tungesema anang'ang'ania kama ruba. Dada yangu akienda jikoni, Karanga yuko jikoni. Akienda chooni, Karanga anamsubiri mlangoni. Na manyoya yake ni mafupi, bila ile sufi ya chini inayowakinga mbwa wengine na baridi. Kwa hiyo mwili wake na tabia yake vyote viwili vinamsukuma ndani ya nyumba.

Nimegundua kwamba jambo hilo, la mbwa kuwa mtu wa ndani, limebeba historia yake nzima.

Kwa muda mrefu Vizsla alikuwa mbwa wa wakuu na wenye mashamba wa Hungaria. Mwishoni mwa karne ya 19 waliletwa mbwa wa kuwinda kutoka Uingereza na Ujerumani. Fasheni ikabadilika, na Vizsla wakapungua mno. Ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920, Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake. Mwaka huohuo wa 1920, wawindaji wachache walianza kuwakusanya Vizsla waliobaki na kuwazalisha kwa utaratibu. Nadhani si bahati mbaya kwamba miaka hiyo iliangukiana. Watu wakinyang'anywa mipaka, huanza kuhesabu kilichobaki: wimbo huu ni wetu, chakula hiki ni chetu, mbwa huyu ni wetu. Mwaka 1936 Vizsla alitambuliwa na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI.

Hakupumzika hata miaka kumi. Mwaka 1944 na 1945 vita vilipita juu ya Hungaria yenyewe. Familia nyingi zilikimbilia magharibi, Austria na kwingineko, na baadhi walikwenda na mbwa wao. Hapa nilisimama kusoma nikafikiri kidogo. Ukiambiwa una saa moja ya kufungasha maisha yako, unachukua nini? Watoto, nyaraka, unga, blanketi. Mbwa wa bandani unamfungulia mlango tu, ajitafutie. Lakini mbwa aliyelala miguuni mwa watoto wako, huyo anapanda mkokoteni pamoja nanyi. Naamini tabia ya ruba iliwasaidia Vizsla kuliko hata pua zao.

Waliobaki nyuma walikuwa katika nchi iliyofungwa na utawala mpya, na mbwa aliyenukia ubwanyenye hakuwa na watetezi wengi. Mwaka 1950 mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Frank Tallman, alifanikisha kumtoa jike mmoja aitwaye Sari. Sari alipitia Roma, na mwezi Oktoba akafika Marekani kwa Emmett Scanlan wa Kansas City, akiwa na watoto wawili wa mbwa, Tito na Shasta. Hao wanahesabiwa kuwa mwanzo wa Vizsla Marekani. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1960, chama kikuu cha mbwa cha nchi hiyo kiliwatambua rasmi. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Sari aliuona.

Wapenzi wa fasihi watakumbuka kwamba katika muongo huohuo, mwaka 1956, mwandishi Tibor Déry alitoa riwaya fupi iitwayo Niki. Inahusu mbwa wa mume na mke wa Hungaria, na mume anatiwa gerezani bila kuelezwa kosa. Niki si Vizsla, ni mbwa mdogo tu. Lakini Déry alijua kwamba ukitaka kupima uzito wa dola juu ya familia, mtazame mbwa anayesubiri mlangoni. Mwaka uliofuata Déry mwenyewe alifungwa.

Turudi Minnesota, kwa sababu hadithi hii haikuishia kwenye wokovu. Mwaka 2010 Vizsla aitwaye Yogi alishinda Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa Uingereza. Mbwa huyu ni mzuri, tusidanganyane, na picha zake zinauza. Shemeji yangu alimpenda kwa picha. Akamleta nyumbani kama zawadi ya watoto, wote wakaenda kazini na shuleni, mbwa akabaki peke yake saa nane kwa siku.

Miezi sita ilitosha. Karanga alikula mkono wa sofa, viatu jozi nne, na fremu ya mlango. Alilia mpaka majirani wakagonga. Siku moja shemeji akasema imetosha, Jumamosi huyu anarudishwa alikotoka. Watoto walilia, dada akanyamaza. Dada ananiambia, "Kaka, nilinyamaza kwa sababu nilikubaliana naye."

Aliyemwokoa Karanga ni mzee mmoja jirani, aliyewinda na mbwa wa kuonyesha enzi za ujana wake. Alimtazama yule mbwa dakika chache, akawaambia, "Huyu si mtukutu. Huyu hana kazi."

Jumamosi hiyo hawakumrudisha. Mzee aliwachukua wote hadi uwanda wa nyasi nje ya mji, wakamfungua kamba. Tangu hapo shemeji anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia naye. Si mchezo: mbwa mzima wa aina hii anahitaji zaidi ya saa moja ya mbio kila siku, mvua au theluji, na anaweza kuishi miaka kumi na miwili hadi kumi na minne. Jioni watoto wanamfichia soksi na vipande vya nyama nyumba nzima ili pua nayo ipate ajira. Shemeji amepungua kitambi. Sofa mpya bado nzima.

Siku yangu ya mwisho kule nilikwenda nao uwandani. Karanga alikuwa anakimbia kama moto wa kiangazi, mara akaganda. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Mpwa wangu wa miaka tisa akanishika mkono. "Mjomba, usisogee." Tukasimama wote watatu. Hatukuwa na wavu, bunduki wala kipanga. Kisha ndege wawili wakaruka kutoka kwenye nyasi, mbwa akageuka kututazama usoni, na mtoto akamwambia kwa Kiswahili chake cha Minnesota, "Asante, Karanga. Tumeona."

Usiku ule nilimwachia nafasi kitandani.