Kumwaga au Kuweka Kitalu: Mbegu ya Mpunga Bonde la Kilombero

Ukiingia nyumba ya mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mkula au ya Njage siku za kuandaa kitalu, usishangae kukuta gunia la mbegu limelazwa pembeni mwa chumba, limelowa na kufunikwa majani ya mgomba. Humo ndani mpunga unaatamishwa. Umeshalowekwa saa 24, umechujwa maji, na sasa unangoja joto lake wenyewe liupasue. Gunia likifikisha siku ya pili, ukitia mkono unakuta fukuto, na kila punje imetoa ncha nyeupe ndogo kama kichwa cha kiberiti. Hapo ndipo wakati wake wa kupelekwa kitaluni. Ukiuchelewesha, mizizi inasukana, na kuitenganisha bila kuikata ni balaa.

Huko chini, kwenye mbuga inayoelekea mtoni, hakuna gunia wala majani ya mgomba. Mbegu kavu inamwagwa kwa mkono, inafukiwa kwa jembe au kwa haro ya trekta, basi. Mvua ikinyesha itaota. Isiponyesha, panya na ndege watachukua fungu lao kwanza.

Mabwana shamba wengi wamezoea kuzitaja njia hizi mbili kana kwamba moja ni ya jana na nyingine ni ya kesho. Anayefuatilia historia ya bonde la Kilombero atakuta kwamba mambo hayakwenda hivyo.

Kwanza maji. Bonde hili lina urefu wa kilomita 260 hivi, limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, na mito inayoteremka Udzungwa humwagika humo kabla ya Kilombero kukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Mwaka 2002 lilitambuliwa kuwa ardhi oevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mvua huanza Novemba au Desemba, hulegea kidogo, kisha masika huja kwa nguvu kuanzia Machi. Kufikia Aprili sehemu kubwa ya mbuga iko chini ya maji, na hakuna mkulima mwenye lango la kuyafunga.

Katika mazingira hayo, mpunga una miezi michache tu ya kushika mizizi na kurefuka kabla mto haujapanda. Mbegu ya mpunga ni ya ajabu kidogo: inaweza kuanza kuota hata ndani ya maji yasiyo na hewa, jambo ambalo mahindi hayawezi. Lakini ikizama hivyo hutanguliza chipukizi refu dhaifu linalotafuta hewa, na mizizi husubiri. Chipukizi lisipofika juu, mche unakufa. Ndiyo maana wazee wa bonde walimwaga mapema, mara nyingi kwenye udongo mkavu, wakaiachia mvua ya kwanza kazi ya kuotesha. Ndiyo maana pia walipenda mbegu ndefu, Supa na jamaa zake, zenye shina linaloweza kuinua kichwa juu ya maji ya masika. Mche wa kitalu ukipelekwa mbugani Machi hukutana na mafuriko ukiwa bado umenyauka kwa kung'olewa.

Wandamba wa mtoni, Wabena wa bondeni na Wapogoro walioteremka kutoka milima ya Mahenge waliujenga mwaka wao wote juu ya utaratibu huo. Waingereza wa utawala wa kikoloni waliuona: A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walichapisha mwaka 1935 kitabu kizima juu ya Wabena wa mitoni, chenye mchango wa Mtema Towegale Kiwanga. Mpunga wa kumwaga hautaki watu wengi siku ya kupanda. Unataka watu baadaye, tena kwa muda mrefu: kupalilia magugu yaliyoota siku moja na mpunga, kisha kuamia ndege punje zinapojaa maziwa. Basi familia zilihamia shamba. Nyumba ya kijijini ilifungwa, watoto wakapanda dungu na kombeo mkononi, nguruwe pori na viboko wakafukuzwa usiku kwa makopo na moto.

Gharama ya maisha hayo haikuwa ya jasho peke yake. Watafiti wa malaria wa Ifakara, mji uliokuwa na maabara ya Waswisi tangu 1957, waliwafuata wakulima hadi kwenye vibanda vya mashambani, kwa sababu huko ndiko mbu walikowapata watu wakati wa msimu. Vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu vilivyouzwa Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuja katika nchi ambayo mtu ana nyumba mbili, na chandarua mara nyingi ni kimoja.

Kitalu, kwa upande wake, kilikuwa na makao mengine Afrika kwa muda mrefu. Mfanyabiashara wa Kireno André Álvares de Almada aliandika mwaka 1594 jinsi watu wa Gambia walivyohamisha miche ya mpunga kutoka mahali pa kuoteshea hadi kwenye matope ya mto. Nchini Kenya, skimu ya Mwea iliyoanzishwa miaka ya 1950 ilijengwa juu ya mifereji, na kupandikiza kukawa sehemu ya ratiba ya kazi. Usukumani mpunga uliingia kwenye majaruba, vishamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kunasa maji ya mvua. Skimu ya Lower Moshi ilipata mifereji kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Kote huko ni jambo lilelile: kitalu kimekuja pale ambapo mtu anaweza kuamua maji yakae wapi na kwa kina gani.

Kilombero mabadiliko yalifika kwa reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976, ikipita Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba. Gunia la mchele lililokuwa likisota njiani sasa lilipakiwa kwenye behewa, na watu wakaja kulifuata shamba lililolizaa. Miongoni mwa waliokuja baadaye walikuwa Wasukuma na ng'ombe wao, wenye plau na desturi ya majaruba. Ugomvi wa malisho ulikuwa mkubwa, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Lakini kwenye kilimo, kingo za udongo zilibaki.

Kisha ikaja mbegu fupi. Kituo cha utafiti cha KATRIN, leo TARI Ifakara, kilitumia miaka mingi kuchambua aina za mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SARO 5, yaani TXD 306, ilianza kupewa wakulima. Inazaa vizuri, ina harufu kiasi, hukomaa ndani ya miezi minne hivi. Ila ni fupi. Ukiimwaga katikati ya mbuga inayozama, umeitupa. SARO 5 ilihitaji jaruba, jaruba likahitaji mfereji, na vitalu vikaongezeka kwenye skimu za pembezoni mwa milima: Mkula, Msolwa Ujamaa, Njage.

Kichekesho kikubwa kilikuwa Mngeta. Shamba lililoanzishwa na ushirika wa Tanzania na Korea Kaskazini mwaka 1986 lilifika mikononi mwa Kilombero Plantations Limited mwaka 2008. Kampuni hiyo iliwafundisha wakulima wa vijiji jirani kilimo shadidi, mfumo uliobuniwa Madagaska na padri Mjesuiti Henri de Laulanié mwaka 1983: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja shimoni, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, mbegu chache mno kwa hekta. Wakati huohuo mashamba ya kampuni yenyewe yalipandwa kwa trekta, mbegu moja kwa moja ardhini, kwa sababu hakuna anayeweza kupandikiza maelfu ya hekta kwa mkono. Na kwa wanakijiji wasio na umwagiliaji, somo lilirekebishwa: kamba, vijiti, na mbegu kudondoshwa shimoni kwa mstari. Kitalu kikaondolewa, nafasi na mbegu bora zikabaki. Huenda hilo ndilo lililokuwa na akili kuliko yote. Kampuni ilielemewa na madeni mwaka 2019. Kupanda kwa mstari kulikuwa kumeshajulikana.

Somo jingine la skimu halihitaji mfereji wala kampuni. Unatia chumvi kwenye ndoo ya maji na kukoroga hadi yai bichi lielee, sehemu ya ukubwa wa sarafu ikichungulia juu. Unamwaga mbegu humo. Zinazoelea ni mapepe, unazitoa. Zilizozama unazisuuza vizuri kabla ya kuziloweka. Anayemwaga anaweza kufanya hivyo sawa na anayeweka kitalu, mradi aikaushe mbegu yake tena.

Kitalu nacho kina madhara yake. Ugonjwa wa virusi wa manjano, uliotambuliwa mara ya kwanza Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, huenezwa na wadudu na pia na mikono inayogusa mche mgonjwa kisha mzima. Miche iliyobanana kitaluni, ikang'olewa kwa mafungu na kukatwa mizizi, hupata majeraha ya kutosha kuupokea. Halafu kuna mgongo. Kupandikiza ni kuinama siku nzima kwenye tope, na kazi hiyo mara nyingi huangukia wanawake wanaolipwa kwa eneo walilomaliza. Mwenye ekari moja na dada watatu atapandikiza. Mwenye ekari tano na mfuko mtupu atamwaga, na si kwa ujinga.

Wengi, kwa kweli, wanafanya yote mawili. Aliyemwaga mbegu husubiri mche upate wiki tatu, akapita shambani baada ya mvua, akang'oa penye msongamano na kupachika penye upara. Kurudishia, ndivyo wanavyosema. Sehemu iliyoota vizuri inageuka kitalu cha sehemu iliyoliwa na panya, bila gunia, bila majani ya mgomba, na bila kumwita kibarua hata mmoja kama shamba si kubwa.