Jedwali, Mlinganyo na Grafu: Hadithi Moja

Wenzangu wa kalamu, wengi hutoka shule wameapa kutoiona tena hisabati. Hebu tuiite tena kidogo, maana nayo ina hadithi.

Yapata miaka 3,800 iliyopita, Wababeli waliandika majedwali kwenye vibao vya udongo: 2 kwa 4, 3 kwa 9, 4 kwa 16. Karne ya 9, kule Baghdad, al-Khwarizmi akaandika milinganyo kwa maneno matupu ya Kiarabu, hakuna x wala y. Ndiyo, ndugu yangu, aljebra ilikuwa nathari! Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes akachapisha kazi iliyofunga ndoa kati ya mlinganyo na mstari unaochorwa. Huko ndiko ilikotoka grafu ya darasani. Na mwaka 1734 Leonhard Euler akaanza kutumia alama f kwa namba inayoitegemea nyingine.

Basi ukikutana na y = x², usitishike. Jedwali linakutajia hatua mojamoja, mlinganyo unakupa kanuni, grafu inakuonyesha mwendo wote. Kisa ni kimoja, wasimulizi watatu. Ukikwama kwa mmoja, msikilize mwenzake.