Haki za Waathirika wa Uhalifu na Mashahidi: Mnazi, Wilaya ya Lushoto

Mnazi ni kata ya tambarare ya Umba, mkoani Tanga, chini ya Usambara ya Magharibi na si mbali na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya joto, mkonge na mifugo. Mahakama ya Wilaya iko Lushoto mjini, juu kwenye baridi, na huko huko kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998 ili kufundisha watumishi wa mahakama. Aliyeumizwa Mnazi huanza safari ya haki kwa kutafuta nauli ya kupanda mlima.

Tanzania haina sheria moja ya waathirika wa uhalifu. Kenya, jirani wa hapo ng'ambo, ilitunga yake mwaka 2014. Huku kwetu haki hizo zimetawanyika katika sheria nyingi, na mtu mmoja hubadilishwa jina kila mlango anaopita: polisi ni mlalamikaji, hospitali ni mgonjwa, mahakamani ni shahidi wa Jamhuri. Jina hilo la mwisho ndilo zito. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wala mlalamikaji hana mamlaka ya kuifuta hata akilia mbele ya hakimu.

Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Polisi huijaza sehemu yao, majeruhi huipeleka kwa daktari, naye huandika alichokiona, hutia sahihi na mhuri, kisha inarudi kituoni. Viongozi wa serikali wamesema mara kadhaa kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Kwa aliyebakwa jambo hilo si la mjadala, maana dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Mahakamani, PF3 ikipokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani huiondoa kwenye kumbukumbu. Hata hivyo kesi haifi kwa hilo peke yake. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ushahidi wa aliyetendewa unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, hakimu akiridhika kuwa ni wa kweli na akaandika sababu zake.

Kinachoangusha kesi nyingi ni jambo dogo kuliko hilo: umri. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 18 hakuhitaji kuthibitisha kwamba hakuridhia, lakini umri wenyewe lazima uthibitishwe. Mama anaweza kuusema kizimbani, na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa vinaweza kutolewa. Asipoulizwa na mwendesha mashtaka, mshtakiwa anaweza kushinda rufaa kwa pengo hilo tu. Kadi iliyokunjwa chini ya godoro, imeliwa pembe na mende, ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto mdogo naye si lazima ale kiapo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 anaahidi tu kusema ukweli na kutosema uongo. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana hutolewa faragha, na magazeti hayaruhusiwi kuuchapisha.

Huduma nyingine ni Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, lililoanza mwaka 2008, simu 116 ya bure ya kutoa taarifa za watoto, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwenye hospitali kadhaa kuna pia Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako polisi, daktari na ustawi wa jamii hukaa chini ya paa moja.

Kijijini neno linalotawala ni kumalizana. Sheria yenyewe inaruhusu upatanisho kwa makosa madogo, kama kupigana kofi kilabuni, na fidia ikalipwa. Ubakaji haumo humo. Wazee wakipokea mbuzi kwa kesi ya binti, hawajamaliza chochote kisheria. Wamemnyamazisha shahidi tu.

Shahidi anayetishwa analindwa na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mahakama pia inaweza, kwa ombi la Mkurugenzi wa Mashtaka, kuagiza jina lake lifichwe au atoe ushahidi kwa video. Wengi walilisikia jambo hilo mwaka 2025 katika kesi ya uhaini dhidi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu. Lakini katika kata ambayo kila mtu anajua ng'ombe wa nani walipita shamba la nani, kuficha jina hakufichi mtu.

Kuhusu fidia, anayetiwa hatiani kwa kubaka hupewa kifungo kisichopungua miaka 30, na mahakama humwamuru pia amlipe aliyetendewa. Mfungwa asiye na shamba wala mfugo atalipa nini? Kwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, sheria ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko maalumu. Binti aliyechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kufua na kupika mjini bila ujira, anaweza kuhesabiwa kati ya waathirika hao, ikithibitika kwamba alichukuliwa kwa hila ili atumikishwe.