Diski Hufa, Akiba Haiozi: Historia ya Kuokoa Data

Katika nyumba nyingi za watu wetu huku Uingereza, kabati la kanda limekwisha. Kanda za harusi, kaseti za taarabu, na barua za sauti ambazo wazazi wetu walitumiana na jamaa zao wa Mombasa na Unguja zimehamishwa na kuwa faili. Faili hizo hukaa ndani ya kasha dogo lenye diski mbili au nne, lililochomekwa kwenye umeme nyuma ya televisheni. Kasha hilo ndilo seva ya nyumbani. Siku diski moja inapokufa ndipo watu hugundua kwamba kumbukumbu ya ukoo mzima ilikuwa ikizunguka juu ya sahani chache zilizopakwa sumaku.

Makala haya yanaeleza historia ya tatizo hilo na ya dawa zake. Tunataka kuonyesha jambo moja. Kwa zaidi ya miaka sitini wahandisi wameifundisha mashine kustahimili kifo cha diski, na wamefaulu sana. Lakini msiba ukizidi hapo, kinachookoa data ni nakala iliyo mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine.

Sahani hamsini

Diski ya kwanza kuuzwa kibiashara ilitoka katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, kwa kundi lililoongozwa na Reynold B. Johnson. Ilitangazwa mwaka 1956 kwa jina la IBM 350, ikiwa sehemu ya kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Kwa vipimo vya leo hizo hazifiki megabaiti 4. Picha moja ya simu yaweza kuijaza. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu tani moja.

Hatari ya diski imo katika umbo lake. Kichwa kinachosoma data hakitakiwi kugusa sahani. Huelea juu yake kwa tabaka jembamba la hewa. Kikigusa, hukwangua ule utando wa sumaku unaobeba data, na kilichokwanguliwa hakirudi. Vumbi nalo ni adui. Ndiyo maana mwaka 1973 IBM ilileta diski ya 3340, iliyopewa jina la utani Winchester, ambayo vichwa vyake na sahani zake vilifungiwa pamoja ndani ya kasha moja. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ikauza ST-506, diski ya megabaiti 5 yenye ukubwa wa kutosha kuingia katika kompyuta ya mezani. Diski zenye sahani zilizomo katika seva za nyumbani leo ni vitukuu vya hizo.

Kwa muda mrefu dawa ya kifo cha diski ilikuwa kanda ya sumaku. Data ilinakiliwa kwenye kanda, mara nyingi usiku, na kanda ikawekwa kabatini. Dawa hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kasoro mbili: kurudisha data kulichukua muda, na kazi yote iliyofanywa tangu nakala ya mwisho ilipotea. Benki haikuweza kungoja. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Tandem ya California ilianza kuuza kompyuta ambazo kila diski iliweza kuwa na pacha wake. Kila kinachoandikwa huku huandikwa na kule. Moja ikifa, pacha huendelea na kazi na mteja hajui kilichotokea. Udhaifu wake ni gharama: ukitaka nafasi ya diski kumi, sharti ununue ishirini.

Hesabu ya Berkeley

Je, inawezekana kujikinga bila kununua kila diski mara mbili? Mwaka 1978 Norman Ouchi wa IBM alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kurudisha data iliyokuwa katika kifaa kilichoharibika, kwa kutumia hesabu inayofanywa juu ya vile vilivyobaki. Wazo lake ni jepesi kuliko linavyosikika.

Tuseme diski ya kwanza imeandikwa 5, ya pili 8, na ya tatu 4. Diski ya nne tunaiandikia jumla yake, yaani 17. Siku diski ya pili ikifa, tunachukua 17, tunatoa 5 na 4, tunapata 8. Kilichopotea kimerudi, na tulinunua diski moja tu ya ziada. Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa biti: huangalia kama idadi ya moja zilizoandikwa ni shufwa au witiri, na kuiweka alama hiyo kando. Alama hiyo huitwa pariti.

Mwaka 1987 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika makala ambayo mwaka uliofuata ilisomwa katika mkutano wa wataalamu mjini Chicago. Walipendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, watu wakusanye diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani. Wao wenyewe walionyesha hatari ya pendekezo hilo. Diski moja ndogo ilitarajiwa kufanya kazi kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kufa. Ukizikusanya 100, wastani wa muda hadi moja yao ife ni saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Bila kinga, mkusanyiko huo ungekuwa kaburi la data.

Kinga waliyoieleza waliipa jina la RAID, na waliipanga katika ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni ile ya mapacha. Ngazi ya tano husambaza pariti katika diski zote ili pasiwe na diski moja inayobeba mzigo wa kuandikwa kila mara. Neno "nafuu" lilikuwamo katika jina hilo; baadaye wauzaji walipendelea neno "zinazojitegemea", kwa kuwa mashine walizouza hazikuwa nafuu hata kidogo. Kwa miaka mingi RAID ilikuwa mali ya benki, serikali na vyuo vikuu. Kompyuta zilipozidi kuwa rahisi, ikaingia nyumbani, na leo kasha la diski nne huitumia bila mwenyewe kujua hesabu inayofanyika ndani.

Diski inayonyamaza

Kulikuwa na swali ambalo makaratasi ya wauzaji hayakulijibu vizuri: diski hufa mara ngapi? Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson, yule yule wa Berkeley aliyekuwa sasa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichapisha uchunguzi wa takriban diski 100,000. Kwa maelezo ya wauzaji, diski zinazokufa kwa mwaka hazikupaswa kupita asilimia 0.88. Wao walikuta kwamba diski zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida zaidi ya asilimia 1, mara nyingi asilimia 2 hadi 4, na katika mifumo fulani zilifika asilimia 13. Mwaka huo huo watafiti wa Google nao walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zao zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya zile dalili kuu nne za hatari ambazo diski hujipima. Diski yaweza kufa kimya.

Tena yaweza kuharibu data bila kufa. Biti moja hugeuka, faili husomeka vibaya, na mashine haina habari. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la data lilitengenezwa na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun Microsystems, walioanza mwaka 2001 kuunda mfumo wa ZFS. Msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2005. Mfumo huo huandika alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data na kuiweka mbali na kipande chenyewe. Kila data inaposomwa, alama hulinganishwa. Zisipolingana, mfumo hujua kwamba kuna uharibifu, na kama kuna pacha au pariti huurekebisha.

Kwa diski iliyokwisha kuugua kuna programu ya ddrescue, iliyotolewa mwaka 2004 na Antonio Díaz Díaz. Nayo hutunza daftari. Kwanza husoma sehemu nzima zote na kuzihamishia kwenye diski mpya, ikiziruka zile mbovu. Baada ya hapo hurudi kwenye sehemu mbovu kidogo kidogo, ikiandika ilipofika, ili hata umeme ukikatika isianze upya. Busara yake ni ya daktari: mgonjwa asichoshwe kabla ya kuchukuliwa kile kinachochukulika.

Amri ya kufuta

Msiba unaojulikana zaidi katika historia hii haukutokana na diski mbovu. Mwaka 1998 studio ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipotakiwa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho ya wafanyakazi. Walipogeukia nakala zao za kanda, walikuta hazikuwa zikiandikwa ipasavyo. RAID haina dawa ya jambo hilo. Ukiamuru kufuta, diski zote hutii kwa pamoja, na pariti hufuata.

Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na kwa hiyo akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Ilifungwa kwa mablanketi, ikapakiwa garini, ikaendeshwa polepole hadi ofisini. Studio yenye mashine za mamilioni iliokolewa na kompyuta ya mama mwenye mtoto mchanga.

Seva ya chama

Mwaka huu seva ya chama chetu nayo imeingia katika historia hii. Ina diski nne za terabaiti 4 zilizopangwa kwa ngazi ya tano, na ndani yake mna mazungumzo na wazee ambayo wanachama waliotutangulia waliyarekodi walipokwenda likizo Lamu, Mombasa na Unguja. Diski moja ilikufa. Tuliweka mpya, na seva ikaanza kuijenga kwa ile hesabu ya Berkeley. Ili kuijenga, ilibidi isome zile tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani terabaiti 12. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huahidi kwamba hazitashindwa kusoma zaidi ya mara moja katika biti trilioni 100, ambazo ni kama terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo. Moja ya zetu haikufanya hivyo: ilikuwa na sehemu mbovu ambazo hazikuwa zimesomwa kwa miaka, na ujenzi ukasimama.

Tuliizima seva, tukanakili kila diski kwa ddrescue, na tangu hapo tukafanya kazi juu ya nakala tu. Karibu kila kitu kilirudi. Rekodi mbili ziliangukia penye ubovu. Katika ya kwanza, bibi mmoja wa Lamu anaeleza jinsi alivyofundishwa kukariri tenzi alipokuwa mwari. Rekodi hiyo tuliipata katika simu ya mjukuu wake anayeishi Leicester, kwa sababu aliyeirekodi alimtumia siku ile ile. Katika ya pili, mzee mmoja baharia alisimulia safari zake za jahazi hadi Maskati. Haikutumwa kwa mtu. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, na sauti yake imekwenda naye.

Nakala kwa mwenzako

Pwani yetu ililijua jambo hili kabla ya diski. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi, nyingine akiwaandikia wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Leo mwanafunzi anaweza kuusoma mkono wake hapa London, SOAS. Karatasi huliwa na mchwa kama sahani inavyokwanguliwa, lakini utenzi ulionakiliwa na kusafiri una nyumba zaidi ya moja.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ameieneza kanuni inayofanana na hiyo: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia zetu tunapendekeza nakala hiyo ya tatu isiwe ya siri. Apewe shangazi aliyeko Muscat, au binamu aliyeko Toronto, na aambiwe ni nini alichonacho. Wahandisi wametupa hesabu ya kurudisha 8 kutoka 17. Kazi ya kumtumia mjukuu sauti ya bibi yake siku ile ile inayorekodiwa wametuachia sisi.