Jiwe la Kuuza: Wachongaji wa Kihaida na Hoja ya Soko

Kwa miaka mingi wataalamu wa makumbusho waliyatazama kwa jicho la pembeni machongo ya jiwe jeusi ya Wahaida, wenyeji wa visiwa vya Haida Gwaii katika pwani ya magharibi ya Kanada. Kosa la machongo hayo lilikuwa moja: yalichongwa yauzwe. Nguzo ya ukoo, ya mti wa mwerezi, ilisimamishwa kwa karamu mbele ya mashahidi; kiko cha jiwe kiliishia mkobani mwa baharia. Basi nguzo ikahesabiwa sanaa, na kiko kikaitwa bidhaa. Historia ya jiwe lenyewe inaipinga hukumu hiyo.

Jiwe hilo, arjilaiti, huchimbwa kwenye mlima wa Slatechuck, karibu na kijiji cha Skidegate. Ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mbao na kunakshiwa kwa kisu, na likisuguliwa sana hung'aa. Biashara yake ilishika kasi kuanzia miaka ya 1820, wakati fisi maji wa baharini, ambao ngozi zao ndizo zilizowaleta wafanyabiashara, walikuwa wakitoweka. Viko vya mwanzo vilijaa viumbe wa Kihaida waliosokotana, ila bila mpangilio wa nembo za ukoo. Kisha yakafuata machongo ya merikebu na mabaharia waliovaa makoti: wageni wakauziwa sura zao wenyewe. Vingi kati ya viko hivyo havikufaa hata kuvutia tumbaku.

Kama soko huharibu sanaa, tungetarajia mambo ya Kizungu yazidi kadiri miaka ilivyosonga. Yalipungua. Mwaka 1862 ndui iliyotokea mji wa Victoria iliua Wahaida wengi mno, na vijiji vikahamwa. Wamisionari wakaingia. Kuanzia 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilipiga marufuku karamu za potlachi, zile zilizoipa nguzo maana yake. Ni katika kipindi hichohicho jiwe lilipojaa nembo na visa vya wahenga: nguzo ndogo za mezani, masanduku, sahani. Sheria ilikataza karamu. Haikukataza kumuuzia mgeni pambo.

Mchongaji Charles Edenshaw, au Da.axiigang (takriban 1839–1920), alilielewa hilo kuliko yeyote. Katika sahani zake maarufu, Kunguru wa visa vya wahenga amekaa mtumbwini, chusa mkononi, akienda kuwatafutia wanawake viungo vyao vya uzazi, ambavyo kwa mujibu wa kisa hicho hawakuwa navyo bado. Nyuma, anayeshika usukani ni mtu-uyoga, kwa kuwa wengine wote walishindwa kustahimili safari. Mistari minene inayoviringika ndiyo inayojenga miili, nayo inaujaza mduara wa sahani bila kuubana. Sijui ni wanunuzi wangapi walioipamba sebule kwa sahani kama hiyo wangethubutu kuwasimulia wageni wao kisa chake. Hakuna kilicholegezwa hapa ili kumpendeza mnunuzi.

Udhaifu wa soko naona uko kwingine, katika majina. Mnunuzi alichukua kitu, mara nyingi bila kuuliza aliyekitengeneza, na wachongaji kwa kawaida hawakutia sahihi. Matokeo yake, kazi nyingi nzuri zilirundikwa kwa Edenshaw, hadi mwanahistoria wa sanaa Bill Holm alipoandika makala mwaka 1981 kuchuja zipi ni zake kweli. Uchambuzi wa aina hiyo, unaochungulia umbo la jicho na ukali wa mkato, umewarudishia nafasi mafundi kama John Robson na Tom Price. Ila wale wa miaka ya 1820 na 1830, walioibuni sanaa yenyewe, wengi hatutawajua kamwe. Kuwaita wote “wachongaji wa jadi” ni kuwafuta mara ya pili. Walikuwa wabunifu wa kitu kipya.

Mchongaji Bill Reid (1920–1998), ambaye babu yake mzaa mama alikuwa mpwa wa Edenshaw, alipotaka kuujua ufundi huo katikati ya karne ya 20, alijifunza kwa kuchunguza kazi za Edenshaw, na nyingi kati ya hizo zilikuwepo za kuchunguzwa kwa sababu ziliwahi kuuzwa.