Ngazi ya Fundi: Safari Ndefu ya Ufundi katika Sekondari Zetu

Ukitoka Iringa mjini kwa njia ya Mbeya, kabla hujafika Mafinga, utapita Ifunda. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya shule. Wasiojua ni wengi kwamba majengo yake ya mwanzo hayakujengwa kwa ajili ya mwanafunzi yeyote wa Tanganyika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Utawala wa Kisovieti uliwang'oa makwao ukawapeleka Siberia, baadaye wakateremka hadi Uajemi, na Waingereza wakawaleta huku. Waliofia hapo walizikwa hapo, na makaburi yao yapo hadi leo. Kambi ilipofungwa, serikali ya kikoloni ikabaki na nyumba tupu kwenye nyanda zile za baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaingiza humo meza za useremala na zana za uashi, na Ifunda ikawa shule ya ufundi.

Nimeikumbuka Ifunda kwa sababu ya neno lililoingia katika mazungumzo ya wazazi tangu Januari 2024: amali. Mwezi huo ndipo wanafunzi wa kidato cha kwanza wa baadhi ya shule walipoanza mtaala mpya wenye mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali. Kwa Wazanzibari neno hilo si geni. Kwao mafunzo ya amali yana mamlaka yake kwa miaka mingi. Bara tulizoea kusema ufundi, au ufundi stadi. Kwa kuwa neno limekuja jipya, ni rahisi kudhani kwamba hata jambo lenyewe ni jipya. Sivyo. Tumelijaribu chini ya Wajerumani, chini ya Waingereza na chini ya bendera yetu wenyewe, na karibu kila mara limekwama palepale.

Kabla ya shule hizi zote kulikuwa na fundi na kijana wake. Kiswahili chenyewe kinashuhudia: fundi na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja, shina lao ni kufunda, yaani kuelimisha mtu mpaka aive. Mjenzi wa majahazi wa Lamu au mchonga milango wa Unguja alijifunza kwa kukaa miguuni pa mkubwa wake miaka mingi, akianza kwa kunoa tezo na kubeba mbao, hadi siku alipoaminiwa kugusa kazi yenyewe. Hapakuwa na mtu aliyepelekwa kwa fundi kwa sababu ameshindwa kwingine. Ufundi ulikuwa elimu, na ulikuwa na heshima yake.

Wamisionari walipokuja, waliuingiza ufundi ndani ya uzio wa shule. Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala, uashi, uhunzi na kilimo pamoja na dini. Wajerumani nao walianzisha shule ya serikali Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, na humo palikuwa na kazi za mikono na mitambo ya kuchapa. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kutoka mwaka 1904, lilichapwa hapohapo shuleni. Sisi tunaoishi kwa kalamu tunapaswa kukumbuka kwamba moja ya magazeti ya kwanza ya lugha yetu lilitoka mahali vijana walipokuwa wakifundishwa kazi.

Lakini tazama walikoelekea wahitimu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na njaa ya watu wanaojua kusoma na kuandika, na aliyejua hayo aliweza kuwa karani, mwalimu au akida. Akida alisimamia kodi, alisikiliza mashauri na aliogopwa. Seremala aliyetoka shule ileile alibaki seremala. Mzazi wa Tanga hakuhitaji kuelezwa na mtu njia ipi inapanda na ipi inakwenda bondeni.

Mwaka 1924 ilikuja tume ya Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ilitembelea Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ushauri wake ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, afya na kazi za mikono, kwa mfano wa shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani kama Tuskegee. Mwaka uliofuata serikali ya London ilitoa waraka wa sera uliobeba mengi ya mawazo hayo. Yamo mema ndani yake. Ila wazazi wa Kiafrika waliona kilichokosekana: watoto wa walowezi na wa maofisa hawakuandaliwa kwa jembe na randa. Elimu inayosifiwa kwa mtoto wa mwenzako na kukwepwa kwa mtoto wako haiwezi kuaminiwa, na wazee wetu walikuwa sahihi kuitilia shaka.

Jambo hili lilikuja kuelezwa vizuri na mtafiti Philip Foster mwaka 1965, katika makala iliyotokana na utafiti wake nchini Ghana. Wakubwa wa zama zile walilalamika kwamba Waafrika wanadharau kazi za mikono na kukimbilia ofisini. Foster akasema hapana, watu hawa wanajua hesabu. Kazi za ofisini zinalipa zaidi, zina uhakika zaidi, na cheti cha shule ya kawaida ndicho kinachozifungua. Kwa hiyo shule ya kawaida ndiyo shule ya kazi kweli kweli machoni pa mzazi, na hutabadili mawazo yake kwa kubadili ratiba ya masomo tu wakati mishahara imebaki ilivyo.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilirithi shule za ufundi za Ifunda na Moshi. Katika muongo huo zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi: mwanafunzi akawa anasoma hisabati, fizikia na kemia kama wenzake wa kwingine, na juu yake akachukua uchoraji wa kihandisi na fani moja, iwe umeme, ujenzi au mitambo. Baadaye majina ya Tanga, Mtwara, Iyunga, Musoma na Bwiru yakaingia katika orodha hiyohiyo. Nadhani hicho ndicho kipindi bora kabisa cha historia hii, na sababu yake haikuwa mashine. Mashine zilikuwepo tangu mkoloni. Kilichokuwa kipya ni ngazi. Aliyemaliza kidato cha nne shule ya ufundi aliweza kwenda Dar Tech, chuo kilichoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi na kupandishwa hadhi mwaka 1964, akatoka na cheti cha fundi sanifu, ile FTC ambayo watu wa umri fulani bado wanaitamka kwa fahari. Au aliendelea na kidato cha tano na cha sita, na kuanzia mwaka 1973 akakuta kitivo cha uhandisi kikimsubiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana aliyeanzia kwenye karakana aliweza kufika mwisho wa elimu ya nchi yake bila kurudi nyuma hata hatua moja. Wazazi waliona hivyo, na nafasi za shule zile ziligombaniwa na watoto wenye akili.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hesabu iliyomsumbua ilikuwa rahisi na chungu: katika watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, takriban asilimia 13 tu wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo alitaka kila ngazi ya elimu ijitosheleze, isiwe tu maandalizi ya ngazi inayofuata. Katika miaka ya 1970 sekondari zote zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wazo lilikuwa la heshima, nalo linastahili kusomwa upya leo. Utekelezaji wake ndio uliokonda. Shule nyingi zilichukua neno kujitegemea zikalifupisha likawa EK, na EK ikawa saa ya jembe, na jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto aliyefundishwa kwamba kulima ni adhabu hawezi kuambiwa kesho yake kwamba kilimo ni taaluma.

Kisha fedha zikaisha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni viliikausha nchi. Karakana haiishi kwa sera. Inahitaji mbao, nondo, waya, vipuri, na mtu wa kutia grisi. Shule niliyosoma mimi, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa na mashine ya kukereza chuma iliyofunikwa turubai tangu siku niliyoripoti hadi siku niliyoondoka. Chumba chenyewe kiligeuzwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Tulikariri sehemu za mashine ile kwa kuzichora daftarini, na tuliijibu mitihani, lakini sikuwahi kuisikia ikiunguruma. Hilo bado linaniuma.

Mwaka 1985 ulitoka utafiti uliobadili mambo mbali zaidi ya mipaka yetu. George Psacharopoulos na William Loxley wa Benki ya Dunia walichagua nchi mbili, Colombia na Tanzania, wakawalinganisha wahitimu wa michepuo na wahitimu wa masomo ya kawaida. Walichokikuta ni kwamba michepuo hugharimu zaidi, lakini wahitimu wake hawakuonekana kupata kazi au kipato kwa wepesi kuliko wenzao. Kufikia mwaka 1991 Benki ilikuwa imetoa sera yake kuhusu mafunzo ya ufundi, yenye msimamo kwamba ufundi stadi ufundishwe nje ya sekondari za kawaida, karibu na waajiri. Kwa nchi iliyokuwa ikitegemea mikopo, maneno hayo yalikuwa mazito. Mimi sibishani na takwimu zao. Nabishana na fundisho lililotolewa humo. Walipima zao la mti katika miaka ya ukame, na ushauri uliofuata ukawa kukata mti.

Jirani zetu Kenya walikwenda njia yao wakakuta yaleyale. Baada ya ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, mfumo wao wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 ukiwa na useremala, uashi na kilimo kwa kila mtoto. Wazazi wakatakiwa kuchangia karakana kwa harambee. Wenye nacho walijenga, wasio nacho walibaki na vitabu, na masomo mengi ya namna hiyo yakaja kupunguzwa. Sasa Kenya nayo imerudi kwenye njia za kuchagua, ikiwa na mikondo mitatu ya sekondari ya juu.

Kwetu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ikigharimiwa na tozo wanayotoa waajiri. Imefanya kazi kubwa, na mafundi wengi wanaotutengenezea nyumba na magari walipitia kwake. Lakini ilikaa nje ya ngazi ya sekondari, na mitaani ikapewa maana isiyostahili: mtoto akifeli, mpelekeni VETA. Wakati huohuo, kuanzia miaka ya 2000, tulijenga shule za kata kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona. Tuliingiza watoto sekondari kwa wingi, jambo la kushukuriwa, ila shule nyingi zilianza bila hata maabara, sembuse karakana. Sekondari zikawa nyingi na za aina moja.

Ndipo tunapofika kwenye amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan, inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na inampa mwanafunzi wa mkondo wa amali vyeti viwili anapomaliza kidato cha nne: kile cha kawaida na kile cha ufundi. Hapo kuna dalili kwamba tumejifunza kitu. Cheti cha kawaida kinamwachia mlango wa kuendelea, cha ufundi kinampa kazi ya kushika. Ni ile Ifunda ya miaka ya 1960 kwa nguo mpya.

Yaliyobaki ni mawili, na historia imeyataja yote. Karakana ziwe na bajeti ya kila mwaka ya malighafi na matengenezo, si fedha za ujenzi na picha za uzinduzi peke yake. Na vyuo vya ufundi pamoja na vyuo vikuu vitangaze waziwazi vitampokea nani kutoka amali, kwa sifa zipi na katika kozi zipi, ili mzazi wa Kibondo au Newala aione ngazi yote kabla mwanawe hajakanyaga kipandio cha kwanza. Wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 wanafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Tangazo hilo linatakiwa liwe mikononi mwao kabla ya siku hiyo.