Baiskeli Haikumalizikia Kiwandani

Historia ya baiskeli katika miji yetu husimuliwa kwa majina ya viwanda. Ilianza Raleigh ya Nottingham, ikafuata Phoenix ya Shanghai, ikaja Swala ya hapa nyumbani, kisha mitumba ya ng'ambo ikafurika. Kila jina lina zama zake na lina wazee wa kulisifia. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yamemruka mtu ambaye bila yeye hakuna hata moja kati ya baiskeli hizo ingepanda kutoka Soko Kuu la Arusha kuelekea Ilboru ikiwa na gunia kwenye keria. Mtu huyo ni fundi wa barazani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba biashara ya baiskeli katika mitaa kama Kaloleni imebebwa na ubia wa duka dogo na fundi aundaye, na kwamba ubia huo ukivunjika, mwenye duka ndiye anayeumia zaidi, ingawa hesabu za juujuu huonyesha kinyume.

Tuanze na ardhi yenyewe. Katikati ya mji wa Arusha ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake Mlima Meru unapanda hadi zaidi ya mita 4,500. Ndizi, maziwa, mkaa na majani ya ng'ombe hushuka. Sukari, saruji na bati hupanda. Kaloleni iko chini ya mteremko huo, jirani na soko na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mahali ambapo mzigo wa mlimani hukutana na mzigo wa dukani. Sasa itazame baiskeli ya Kiingereza ya zamani: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu, gia moja, spoki 32 mbele na 40 nyuma. Aliyeisanifu alijua kwamba gurudumu la nyuma hubeba zaidi, ndiyo maana akaliongezea spoki nane. Lakini uzito aliokuwa nao akilini ulikuwa wa mtu mmoja aendaye kazini na kurudi. Mikungu mitatu ya ndizi inayoteremka kutoka mashamba ya mlimani haikuwamo kwenye mahesabu yake.

Pengo hilo lilijazwa na fundi. Keria nyembamba iling'olewa ikawekwa ya nondo. Uma wa mbele uliongezewa vyuma vya kuushikilia usipinde shimoni. Stendi ya mguu mmoja ilibadilishwa ikawa ya miguu miwili, kwa sababu baiskeli yenye mzigo haiegemei upande. Spoki zilifungwa kwa waya pale zinapopishana, na vipande vya tairi kuukuu vikachongwa kuwa raba za breki. Mteja aliyeuza maziwa alihitaji mpangilio tofauti na wa muuza mkaa, na mnoa visu alihitaji kitu kingine kabisa: jiwe la kunolea juu ya fremu, likizungushwa na gurudumu la nyuma huku baiskeli imesimama. Hakuna kiwanda kilichowahi kuuza baiskeli hizo kwa wingi. Ziliagizwa moja moja, mtu na kazi yake, zikaundwa mbele ya macho yake.

Hapa atatokea msomaji wa kusema kwamba huko ni kutengeneza na kuongezea tu, si kuunda. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama baiskeli zingefika madukani zikiwa nzima. Ili kupunguza gharama ya meli na reli (na reli ilifika Arusha mwaka 1929), baiskeli kwa kawaida husafirishwa vipande vipande: fremu peke yake, rimu zimepangwa kama sahani, spoki kwenye mafungu, goroli kwenye vikopo. Gurudumu, ambalo ndilo moyo wa chombo chote, halipo mpaka mtu aketi, apige spoki moja baada ya nyingine, kisha alizungushe na kulinyoosha hadi liache kuyumba. Rimu ileile na spoki zilezile zikipigwa na mikono miwili tofauti hutoa magurudumu mawili tofauti: moja litadumu miaka, jingine litageuka nane ndani ya mwezi mmoja. Mwenye duka aliuza chuma. Aliyekifanya chuma hicho kistahili bei yake alikuwa ameketi nje kwenye kigoda.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja hii umo katika miaka ya uhaba, na kwa namna fulani Kaloleni ina haki ya pekee ya kuuzungumzia. Mkutano wa Halmashauri Kuu ya TANU wa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, uliopitisha Azimio la Arusha, ulifanyika katika jengo ambalo leo ni makumbusho ya Azimio, papo hapo katani. Azimio lilibadilisha njia ambayo bidhaa zilifika dukani. Biashara ya kuagiza mali nje iliwekwa chini ya shirika la umma, kisha katika miaka ya 1970 kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, zikawa ndizo mlango wa jumla. Bidhaa za Kichina ziliongezeka, kwa kuwa sehemu ya gharama za ndani za kujenga reli ya TAZARA ililipwa kwa kuuza bidhaa hizo hapa nchini. Nayo serikali ikaanzisha kampuni yake ya baiskeli, NABICO, iliyotoa Swala. Kisha vikaja bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ukame wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, duka la spea lingeweza kufungua milango asubuhi likiwa na rafu tupu.

Duka la rafu tupu lingeuza nini? Kwa mantiki ya kawaida ya biashara, lilipaswa kufungwa. Lakini baiskeli za Kiingereza, za Kichina na za Kihindi zilikuwa zimefuata muundo uleule wa zamani, kwa hiyo fundi mwenye jicho aliweza kuchukua fremu ya Raleigh, habu ya Phoenix na pedeli za Swala, akatoa chombo kimoja kutoka kwa maiti tatu. Kilichouzwa miaka ile kilikuwa ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa mali ya fundi. Mikataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 ilipofungua tena milango ya biashara, madukani palirudi mali. Duka lililokuwa limetunza fundi wake lilikuwa na wateja wa kuinunua.

Ni kweli kwamba ukiutazama ubia huu kwa jicho la daftari, fundi huonekana ndiye tegemezi. Baraza si lake. Umeme wa kuchomelea si wake. Spea anazichukua kwa mali kauli, analipa jioni au mwisho wa juma mteja akishalipa. Kwa nini basi niseme kwamba duka ndilo linalomhitaji zaidi? Kwa sababu mteja wa baiskeli hajui spea, anamjua mtu. Frii mbili zilizo kwenye boksi zinafanana, moja itadumu na nyingine itakwangua meno kabla ya masika, na mteja hana njia ya kuzitofautisha isipokuwa kwa neno la fundi. Fundi akisema "hiyo usinunue", haitanunuliwa. Kwa hiyo kuna mikopo miwili, na inakwenda pande mbili. Mwenye duka anamkopesha fundi vyuma, naye fundi anamkopesha mwenye duka imani ya watu. Mkopo wa kwanza unaandikwa daftarini. Wa pili hauandikwi popote, na ndiyo sababu wenye maduka wengi huusahau hadi siku fundi anapohamisha kigoda chake mtaa wa pili.

Kuna mfano wa Arusha wa miaka ya karibuni unaopaswa kupimwa kwa haki, kwa kuwa unakata pande zote mbili. Mwaka 2009 Jodie Wu, mhandisi aliyetoka chuo cha MIT cha Marekani, alianzisha hapa kampuni ya Global Cycle Solutions, ikauza kifaa cha kupukuchulia mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli. Katika mzunguko huohuo alikuwepo Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, aliyeunda chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu na baadaye akashiriki kuanzisha karakana ya ubunifu ya Twende. Kampuni ile hatimaye iligeukia kuuza taa za sola. Mpinzani wangu atasema: umeona, ubunifu wa baiskeli haulishi duka. Mimi nasoma tofauti kidogo. Mahindi hupukuchuliwa kwa msimu, na kifaa kilichosanifiwa kuwa kimoja kwa wote hakina budi kutafuta soko kubwa kila mwaka ili kiishi. Fundi wa barazani hana mzigo huo. Anaunda kimoja, kwa mtu mmoja aliyekwisha kuamua kulipa, kisha anangoja mwingine. Kasi yake ni ndogo, na kwa duka dogo udogo huo ni kinga.

Pingamizi zito kuliko yote ni pikipiki. Tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii bodaboda zimejaa, na ni ukweli usiofichika kwamba baiskeli ya abiria na ya mzigo imesogezwa pembeni mwa mji. Lakini hata bodaboda ina asili ya barazani: ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli ambazo keria zake zilitiwa mto wa kukalia abiria. Na ujuzi haukufa pamoja na soko lake la zamani. Guta la magurudumu matatu linalosukuma mizigo ya sokoni ni kazi ya kuagiza, kwa vipimo vya mwenye nalo. Baiskeli za mikono za watu wenye ulemavu zinahitaji zaidi ya hapo, maana urefu wa mkono wa mtu, upande wenye nguvu na njia ya kwenda kwake vyote huamua umbo la chombo. Kazi ya aina hiyo haifanywi kwa kufungua boksi.

Linalonitia shaka mimi ni urithi wa kazi yenyewe, kuliko pikipiki. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha uchomeleaji na umakanika wa magari, na wahitimu wake hupata cheti. Fundi baiskeli hujifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, akianza na kuziba pancha, akipanda hadi kupiga spoki, na mwishowe kuunda. Shule hiyo huendeshwa kwenye baraza la duka bila ada, na mwenye duka hajawahi kuihesabu kuwa gharama wala faida. Lakini kijana anayeona pikipiki zikilipa haraka haketi muda wa kutosha kufika kwenye spoki. Duka linalotaka kuwa na fundi miaka kumi ijayo litalazimika kumlipa mwanafunzi wake kitu tangu sasa, wakati bado hajui kunyoosha rimu, na sioni wenye maduka wengi walio tayari kufungua mfuko kwa jambo hilo.